Sanduku ya wufa mu motokari: hesabu ya programu inasema kweli kiasi gani?

Kama uliisha kupita jioni mu Kamalondo ao kule Kenya karibu na soko, unajua ile sauti. Motokari ingali mbali, haujaiona hata taa, lakini kifua yako inaisha kuisikia. Na unajua pia ile sauti ingine, ya motokari yenye inapiga kelele ya mabati tu, vioo vinatetemeka, plaki ya namba inalia, lakini bass yenyewe haiko.

Mara mingi, tofauti ya zile motokari mbili haitoke kwa bei ya wufa. Inatoka kwa sanduku. Na kwa sanduku njo kuko mabishano. Zamani fundi alipima kwa macho, kwa mukono na kwa ile sanduku alitengeneza mwezi uliopita. Leo kijana anafika na telefone ao ordinatere, ndani muko programu na michoro ya rangi, inamuambia: litre 60, tiyo ya santimetre 10 upana, urefu santimetre 24 na nusu. Fundi anacheka: "Petit, ile kitu haijue mbao." Kijana naye anasema hesabu haidanganye.

Haiko mabishano ya bure. Kipande kizima ya mbao, kole, visi, siku moja ao mbili za kazi, na wufa yenyewe yenye inaweza kuungua: yote inategemea ile namba. Mbao ikiisha kukatwa, haiwezi tena kurefuka.

Hesabu inatoka wapi

Tuanzie na jambo lenye watu mingi hawajue: karibu programu zote zinatumia hesabu moja. Mu mwaka wa 1961, A. Neville Thiele, mutu wa Australia, alitoa maandiko juu ya spika zenye kuwekwa mu sanduku yenye tundu. Huyu Thiele alifanya kazi kisha miaka mingi mu shirika la utangazaji la ile inchi, kwa hiyo sisi watu wa redio tunaweza kusema ni mwenzetu. Kazi yake haikujulikana sana mupaka ilipochapishwa tena mu 1971 mu jarida la Audio Engineering Society, kule Marekani. Kisha, kuanzia 1972, Richard Small, mwenye alisomea mambo haya mu chuo kikuu cha Sydney, aliongeza maandiko yake na kupanga ile hesabu vizuri zaidi. Njo maana zile namba zenye kuandikwa mu karatasi ya wufa zinaitwa parametre za Thiele na Small.

Kubwa ni tatu. Fs ni sauti yenye spika inapenda kutetemeka yenyewe, bila sanduku. Vas ni kiasi cha hewa, kwa litre, yenye ugumu wake uko sawa na ugumu wa ile mpira na kitambaa vyenye vinashika koni. Qts inaonyesha namna spika inajizuia isiendelee kutetemeka kisha kupigwa.

Kwa sanduku yenye kufungwa kabisa, hesabu iko rahisi mupaka unaweza kuifanya ku karatasi. Gawanya Vas kwa litre za sanduku, ongeza 1, tafuta kipeo cha pili cha ile namba. Kisha uzidishe nayo Fs na Qts. Tuseme wufa ya inchi 12 iko na Fs ya herzi 28, Qts 0,45 na Vas litre 70. Uiweke mu sanduku ya litre 35: 70 kwa 35 ni 2, ongeza 1 ni 3, kipeo chake ni 1,73. Spika ndani ya sanduku itasimama ku herzi 48 na nusu, na Q yake itakuwa 0,78. Programu itakupatia namba ileile, pamoja na muchoro muzuri.

Kwa sanduku yenye tundu, hesabu inatoka kwa Hermann von Helmholtz, mutu wa Ujerumani wa karne ya 19. Unajua namna chupa tupu ya Simba inalia wakati unapuliza juu ya mudomo yake? Njo ile. Hewa ya mu shingo inacheza kama kilo, hewa ya ndani inacheza kama resori.

Sasa, kwa sababu hesabu ni moja, watu wanaanguka mu mutego moja. Kijana anafanya hesabu mu WinISD, ile ya bure yenye kutoka Finland, kisha anaifanya tena mu BassBox Pro ao ku programu ya telefone, anaona namba ni karibu zile zile, anasema: mashahidi wawili wameitikiana. Hapana. Ni shahidi moja mwenye kuvaa koti mbili. Kama uliingiza Vas ya uongo mu zote mbili, zitakubaliana vizuri sana ku uongo.

Kosa lenye linakuja sana

Kama ningeombwa kuchagua kosa moja tu lenye kufanya watu waseme "programu imedanganya", ningechagua litre. Programu inapouliza ukubwa wa sanduku, mara mingi inamaanisha hewa yenye inabakia ndani kisha yote. Watu wanaipatia vipimo vya inje.

Angalia. Sanduku ya inje 60 kwa 40 kwa 35, zote santimetre. Zidisha: litre 84. Lakini mbao ya milimetre 18 inakula kila upande, kwa hiyo ndani munabakia 56,4 kwa 36,4 kwa 31,4. Hiyo ni litre 64 na nusu. Toa litre 2 hivi za mwili wa wufa wenye unaingia ndani. Toa litre 2 na kidogo za tiyo. Imebakia litre 60. Na kama uliongeza kipande cha mbao cha kusaidia sanduku isitetemeke, nacho utoe.

Kwa litre 60, ili sanduku isimame ku herzi 35 na tiyo ya santimetre 10, urefu unatoka 24 na nusu. Yule mwenye aliandika litre 84 atapewa urefu wa santimetre 15 tu. Atakata 15, atafunga, na sanduku yake ya kweli itasimama ku herzi 41. Programu haikukosea hata kidogo. Ilijibu swali la sanduku ingine.

Herzi 6 ni kitu gani? Wacha tuseme kwa muziki. Gitaa ya bass ya kawaida, kamba yake ya chini kabisa inapiga karibu herzi 41. Ile ya kamba tano inashuka ku 31. Ku sanduku yenye kusimama ku 35, rumba yote inapita vizuri, na vitu vya kisasa vyenye bass ya mashini vinapita karibu vyote. Ku sanduku ya 41, kila nota ya chini ya pale inakuta koni haina tena kitu cha kuizuia. Chini ya herzi za sanduku, hewa inatoka tu mu tundu, koni inaenda mbele na nyuma sawa mulango bila komeo. Mutu anaongeza volime juu hasikie bass, koni inaruka zaidi, bobine inagonga chini ao inatoka mu njia yake. Wufa ngapi zinaletwa kwa fundi na harufu ya kuungua, na mwenyewe anasema ilikuwa ya mubovu!

Karatasi ya wufa

Kosa la pili ni namba za spika zenyewe. Ku soko utapata wufa yenye jina kubwa ku sahani, watt 1500 kwa herufi za dahabu, na hakuna Fs, hakuna Vas, hakuna kitu. Kijana anaenda ku intaneti, anatafuta jina lenye kufanana, anaingiza namba za spika ingine. Hapo ni afazali macho ya fundi.

Hata wakati karatasi iko ya kweli, inapimwa ku spika moja ao ku chache za fabriki, na yako inaweza kutofautiana. Tena spika mupya iko ngumu. Kisha kupigwa masaa kazaa, ile mpira inalegea, Fs inashuka kidogo na Vas inapanda. Jambo la kupendeza ni kwamba mabadiliko yote mawili yanatokea pamoja na yanakatana kwa sehemu kubwa, kwa hiyo muchoro wa mwisho haubadilike sana. Watu wanabishana sana juu ya jambo hili kuliko lenye linastahili.

Watt ni hadisi ingine. Kujua kama amplifikatere inasema kweli, angalia fizibli yake. Kama iko na fizibli moja ya ampere 25, na motokari inatoa volti 14, yenye inaingia ni watt 350. Haiwezi kutoa zaidi ya yenye inaingia. Kwa amplifikatere ya darasa la D, tuseme inatoa 280. Ya darasa la AB, karibu nusu tu ya yenye iliingia. Ile yenye kuandikwa watt 3000 ingeomba zaidi ya ampere 200. Ukiingiza 3000 mu programu, itakuchorea koni yenye kuruka mupaka ku kioo cha nyuma, na utatengeneza sanduku ya kuogopa kitu chenye hakiko.

Na waya. Huu ni muji wa shaba. Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa mu 1911 na shimini ingali inasimama. Lakini waya mingi ya bei ya chini ya motokari, hapa na fasi zingine za dunia, ni alumini yenye kupakwa shaba kwa juu. Ile inapitisha kuran karibu sehemu mbili kwa tatu tu ya waya ya shaba tupu yenye unene uleule. Kwaruza kwa kisu: kama ndani ni nyeupe, chukua yenye unene zaidi.

Mambo yenye programu haione

Sasa tuseme litre ziko sawa na parametre ziko za kweli. Kuko mambo yenye programu ya kawaida haione, na hapa fundi ako na haki yake.

Ya kwanza ni tundu ya mbao, ile ya mustatili yenye kutengenezwa ku ukuta wa sanduku yenyewe. Mafundi wanaipenda juu haiombe kutafuta tiyo. Lakini hesabu ya kawaida imepangiwa tiyo ya muviringo yenye kusimama peke yake ndani ya hewa. Hata ile tiyo, hewa inacheza kana kwamba ni ndefu kuliko vile metre inasema: kwa tiyo yetu ya 10, programu inatoa santimetre 7 hivi juu ya jambo hilo. Wakati tundu inatumia kuta tatu za sanduku, kuta zile zinaendelea kuongoza hewa hata kisha mbao kuisha, na urefu wa kweli unazidi. Matokeo: sanduku inasimama chini kuliko programu ilisema. Programu zingine zinakuacha uchague namna ya mwisho wa tundu. Watu wengi hawaguse ile fasi. Ni kosa kubwa.

Ya pili, sanduku yenye kuvuja. Programu inawaza sanduku ya jiwe. Kwa ile yenye kufungwa, kuko jaribio la bei ya bure: sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, kisha uachilie. Kama inarudi polepole, vizuri. Kama inaruka palepale, kuko pengo, mara mingi ku tundu ya waya. Silikone, kisha ujaribu tena.

Ya tatu ni moto. Zile parametre zinapimwa kwa sauti ndogo sana. Bobine ni waya ya shaba, na shaba ikipata moto inakataa kuran: kila digri 100 zenye kuongezeka, rezistansi yake inapanda karibu asilimia 39. Kwa hiyo kisha nusu saa ya volime ya juu, ile spika yenye iko mu sanduku haiko tena ile yenye uliingiza mu programu. Kule Dresden, Ujerumani, Wolfgang Klippel alijenga vyombo vya kupima spika wakati inafanya kazi kwa nguvu, na fabriki kubwa zinavitumia. Sisi huku tunatumia pua.

Hewa nayo inapiga kelele mu tundu kama tundu iko ndogo. Kawaida watu wanajipangia isipite metre 17 kwa sekunde. WinISD iko na muchoro wa jambo hili; uangalie mbele ya kununua tiyo.

Lubumbashi iko juu

Hapa kuko jambo lenye sijaliona mu mazungumzo ya mafundi, na linatuhusu sisi kabisa. Muji wetu uko ku metre 1200 na kidogo juu ya bahari. Kule juu, hewa inasukuma kwa nguvu pungufu: karibu asilimia 14 chini ya ile ya Mombasa ao ya Banana. Karatasi ya fabriki mara mingi inafanyiwa hesabu ya fasi ya chini.

Hewa laini ni resori laini. Vas inashuka nayo: ile wufa yetu ya litre 70, hapa ni kama litre 60. Rudia hesabu ya sanduku ya litre 35 yenye kufungwa: badala ya herzi 48 na nusu, inasimama ku 46, badala ya Q 0,78, inapata 0,74. Ni kidogo, na mabadiliko yanaenda upande muzuri. Koni nayo inapaswa kuruka kidogo zaidi ili kutoa sauti ileile, juu iko na hewa pungufu ya kusukuma: kama desibeli 1 na kidogo. Kama programu yako inakubali kuandika munyesho wa hewa, andika hektopaskali 875. Kama haikubali, usipoteze usingizi.

Tundu, ile haisikie urefu wa mulima. Inasikia joto, juu mbio ya sauti inapanda na joto. Ile sanduku yenye ilisimama ku herzi 35 kwa digri 20 itafika karibu 37 mwezi wa kumi, wakati motokari imekaa mu jua na ndani kuko digri 50. Mwezi wa saba asubui sana, kwa digri 8, itashuka karibu ku 34. Kwa hiyo yule mwenye anagombana na fundi juu ya nusu herzi, jua la Lubumbashi litamujibu.

Motokari yenyewe

Ule muchoro wa programu unaonyesha spika fasi ya wazi. Haujue Toyota yako. Ndani ya motokari, sauti zenye urefu wa wimbi unazidi mara mbili urefu wa ndani hazina tena fasi ya kutembea. Zinafanya tu hewa yote ikazwe na kuachiliwa. Pale bass inapanda yenyewe. Kwa motokari ndogo ya metre 2 na nusu ndani, hii inaanza karibu herzi 68. Kwa Hiace, tuseme metre 3 na nusu, inaanza karibu 49. Kwa teoria inapanda desibeli 12 kila mara sauti inashuka kwa nusu. Ku motokari ya kweli inapanda pungufu, juu milango inavuja, bati inapinda, na zile zetu zenye kutoka Japani, zikapita Dar es Salaam na Kasumbalesa, ziko na miaka yake.

Lakini ona: sanduku yenye kufungwa nayo inashuka desibeli 12 kwa kipimo kilekile. Moja inashuka, ingine inapanda. Njo maana sanduku ndogo yenye kufungwa, yenye ku muchoro inaonekana mazaifu chini ya 48, ndani ya motokari inashangaza watu. Na ile kubwa yenye tundu, yenye ku muchoro iko nzuri na sawasawa, ndani ya motokari ndogo inaweza kuwa kelele moja tu ya kulewesha.

Namna ya kujua bila kubishana

Maoni yangu, kisha yote haya: kwa litre za kweli na spika yenye kupimwa, programu inakosea herzi moja ao mbili. Kwa litre za inje na namba za kuokota, inaweza kukosea herzi 6 na zaidi, na kosa haliko lake. Fundi mwenye mazoea, ku spika yenye anajua, anaweza kufika karibu kabisa. Ku spika mupya, anabahatisha.

Kupima haiombe vyombo vya Dresden. Parametre za wufa unaweza kuzipata kwa ordinatere na programu ya bure REW ya John Mulcahy, pamoja na waya kidogo na rezistansi moja. Kama hauna ordinatere: chukua rezistansi ya ohm 100, uiunge mu mustari na wufa, upige sauti moja moja kutoka telefone kupitia amplifikatere ndogo, na uangalie multimetre ku volti za AC juu ya wufa. Wufa isimame huru, bila sanduku. Fasi volti inapanda zaidi, pale njo Fs. Multimetre nyingi za bei ya chini zimepangiwa kati ya herzi 40 na 400, kwa hiyo chini ya pale usiamini volti yenyewe; lakini kilele bado unakiona. Kisha weka ileile wufa ku sanduku yenye kufungwa yenye unajua litre zake, tafuta kilele kipya, gawanya kipya kwa cha kwanza, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa litre. Ile njo Vas yako, ya hapa Lubumbashi, na urefu wa mulima umeisha kuingia ndani.

Kwa sanduku yenye tundu iko rahisi zaidi. Piga sauti kutoka herzi 50 ukishuka moja moja, volime ya chini, na uangalie koni, taa ikipiga kwa upande. Kuko fasi moja koni itakaribia kusimama kabisa, wakati hewa inatoka mu tundu kwa nguvu. Ile njo herzi ya sanduku yako. Iandike ndani ya kifuniko.

Na kwa sababu mbao na tiyo zinakatika lakini hazirefuke: ile ya programu santimetre 24 na nusu, wewe ukate 27 na nusu, uingize bila kole. Sanduku itasimama karibu ku herzi 33 na nusu. Pima na koni. Kisha utoe tiyo, ukate santimetre moja, urudishe, upime tena. Kole ni ya mwisho.